Kadi ya Kahama Kwenye Mashine ya Dubai

Mtu aliyezoea kuuza dhahabu katika soko la madini la Geita hadanganyiki kirahisi kwenye bei. Anajua kuwa bei ya dunia hutajwa kwa dola kwa wakia moja, yaani gramu 31.1, na kwamba bei hiyo haitafika mkononi mwake ikiwa nzima. Mzigo utapimwa usafi, broka atatoa chake, serikali itachukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na hayo yote atayaona kwenye karatasi. Anachokibishania ni kile kisichoandikwa: pengo kati ya bei ya dunia na bei anayotajiwa mezani. Mtu huyo huyo akipanda ndege kwenda Dubai kununua pampu na kompresa, anachomeka kadi kwenye mashine ya duka, anabonyeza namba ya siri, anabeba risiti na kuondoka. Haulizi chochote. Na kwenye kadi pia, fedha nyingi zaidi hupotelea katika pengo lisiloandikwa kuliko katika ada zilizobandikwa ukutani benki.

Ninayoyaandika hapa yanamhusu yeye, na muuza spea wa Katoro, na mwenye duka la nguo Kahama anayefuata mzigo Guangzhou, na mtumishi wa mgodi wa GGM au Bulyanhulu anayemsindikiza mzazi kwenye matibabu India. Yanamhusu hata ambaye hana hati ya kusafiria, kwa sababu ukilipia tangazo la Instagram ukiwa umekaa Kakola, kwa macho ya benki yako umenunua ng'ambo.

Itazame kwanza kadi yenyewe. Kadi nyingi zilizomo kwenye pochi zetu, ziwe na nembo ya Visa, Mastercard au UnionPay, si kadi za mkopo. Zimefungwa kwenye akaunti yako ya akiba au ya mshahara, na kinachokatwa ni fedha yako ileile, papo hapo. Wenye kadi za mkopo ni wachache. Kama wewe ni mmoja wao, shika jambo moja: itumie kulipia dukani na hotelini, usiitumie kutoa keshi kwenye ATM. Unaponunua, benki hukupa siku kadhaa za kulipa deni bila riba. Unapotoa keshi, riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, juu ya ada ya kutoa.

Makato yanaingilia wapi

Tuseme akaunti yako ni ya shilingi na duka linauza kwa dirhamu. Shilingi haiendi moja kwa moja kwenye dirhamu. Mara nyingi mtandao wa kadi hugeuza dirhamu kuwa dola kwa kiwango chake, kisha benki yako hugeuza dola kuwa shilingi kwa kiwango chake cha kuuza. Hapo ndipo panapoanza kuvuja. Benki Kuu ya Tanzania hutoa kila siku ya kazi kiwango cha kununua, cha kuuza na cha wastani. Kiwango cha kadi cha benki yako kitakuwa juu ya huo wastani, na tofauti hiyo haiitwi ada popote. Juu yake benki huweka ada ya muamala wa nje, ambayo huwa asilimia fulani ya ulicholipa, na ada nyingi za kibenki hubeba kodi mgongoni, ikiwemo VAT ya asilimia 18. Ukisoma jedwali la ada tawini, angalia kama wameandika kiasi pamoja na kodi au kabla ya kodi.

Tupige hesabu kwa namba za kuzungusha, ambazo utazibadilisha kwa namba za siku yako. Mashine inauzwa dirhamu 7,345. Dirhamu ya Emirati imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997 kwa kiwango cha 3.6725, kwa hiyo hiyo ni sawasawa na dola 2,000. Wastani wa Benki Kuu siku hiyo, tuseme, ni shilingi 2,500. Thamani halisi ya mashine ni shilingi 5,000,000. Benki yako inahesabu dola ya kadi kwa 2,560, na ada yake ya muamala wa nje ni asilimia 2. Utakatwa 5,120,000, halafu 102,400 ya ada. Jumla 5,222,400. Ukienda kulalamika tawini utaonyeshwa ile 102,400 tu, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye jedwali. Shilingi 120,000 nyingine zimeliwa na kiwango, na kiwango hakina mstari wake kwenye taarifa ya akaunti.

Kwa hiyo, ukiwa unalinganisha benki mbili kabla ya safari, usiulize ada peke yake. Uliza: leo, nikilipa dola 100 kwa kadi nje ya nchi, akaunti yangu ya shilingi itakatwa jumla ngapi? Afisa anayeijua kazi yake atakupa jibu. Akikujibu kwamba itategemea, fanya jaribio mwenyewe: nunua kitu cha dola chache mtandaoni, subiri muamala ukamilike, kisha gawanya shilingi zilizokatwa kwa dola ulizolipa. Namba utakayopata ndiyo bei yako halisi ya dola. Gharama ya jaribio hilo haifiki nauli ya kwenda Mwanza na kurudi.

Subiri ukamilike, nimesema, kwa sababu muamala wa kadi una siku mbili. Siku ya kwanza fedha inashikiliwa tu. Siku ya pili, au ya tatu, au ya nne, ndipo inapokatwa kweli, na kiwango kinachotumika huwa cha siku hiyo ya mwisho. Kwa kawaida tofauti ni ndogo. Lakini walionunua bidhaa nje mwaka 2024 wanakumbuka jinsi dola ilivyokuwa karibu na shilingi 2,700 katikati ya mwaka kisha ikashuka hadi karibu 2,400 Desemba. Shilingi ikiwa katika mbio za namna hiyo, siku tatu si kitu kidogo.

Swali la kwenye kioo cha mashine

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala hii, soma hii.

Muuzaji wa Deira, Dubai, anakuingizia bei, unachomeka kadi, na kabla ya kuombwa namba ya siri mashine inatambua kwamba kadi imetoka Tanzania. Kioo kinakuonyesha namba mbili: dirhamu 7,345, au kiasi fulani kwa fedha ya nyumbani kwako. Kwa kadi ya akaunti ya shilingi inaweza kuwa shilingi. Kwa kadi ya akaunti ya dola itakuwa dola. Inaonekana kama ukarimu. Mtu aliyechoka kuzidisha na kugawanya tangu asubuhi anaona namba anayoielewa, anaibonyeza.

Aliyepanga kiwango hicho si benki yako wala mtandao wa kadi. Ni kampuni inayoendesha mashine kwa makubaliano na duka, na faida ya kiwango wanagawana. Nyongeza ya asilimia 5 au 6 si ajabu, na zaidi ya hapo hutokea. Turudi kwenye hesabu yetu: mashine inakuonyesha shilingi 5,300,000, yaani asilimia 6 juu. Unakubali ukidhani angalau umeepuka makato ya benki. Hujayaepuka. Zipo benki zinazotoza ada ya muamala wa nje kwa kuwa duka liko nje, hata kama ulilipa kwa shilingi. Weka asilimia 2 yao, 106,000, na mashine uliyonunua imekugharimu 5,406,000. Umezidisha 183,600 kwa kubonyeza kitufe cha kushoto badala ya cha kulia.

Kanuni ni nyepesi: lipa kwa fedha ya nchi uliyopo. Dubai dirhamu, Nairobi shilingi ya Kenya, Istanbul lira, Johannesburg randi. Usimwachie muuzaji abonyeze kwa niaba yako, kwa sababu wapo wanaochagua kabla hawajakugeuzia mashine, na si wote wanaofanya hivyo kwa kutojua. Ukiona risiti ina sarafu mbili na kiwango kimeandikwa katikati, umeshageuziwa. Usiondoke. Sema unataka muamala ufutwe na urudiwe kwa dirhamu. Kanuni za Visa na Mastercard zinataka mteja apewe uchaguzi, na muuzaji analijua hilo.

Kuna hesabu ya haraka ya kukuokoa pale kaunta. Chukua kiwango cha dola cha siku hiyo, kigawe kwa 3.6725. Kwa dola ya 2,500 unapata shilingi 681 kwa dirhamu moja. Iandike kwenye karatasi ndogo nyuma ya simu. Mashine ikikuletea shilingi, gawanya kwa dirhamu za bei: 5,300,000 kwa 7,345 ni 722. Huna haja ya kujua zaidi ya hapo. Saudia, kwa wanaokwenda Umra na Hija, riyali 3.75 ni dola moja, na imekuwa hivyo tangu miaka ya 1980. Riyali ya Oman ina thamani ya dola 2.60. Nchi za Ghuba ni rahisi kwa sababu hiyo. Uturuki ni kazi nyingine, maana lira ya juzi si lira ya leo.

ATM nazo zina swali hilohilo, limevaa nguo tofauti. Zinakuonyesha kiwango na kukuuliza kama unakikubali ama unakikataa. Watu wengi huogopa kukataa wakidhani muamala utafutwa na kadi itamezwa. Haufutwi. Ukikataa ubadilishaji, mashine inaendelea na kukupa dirhamu zako, na kazi ya kubadilisha inabaki kwa mtandao wa kadi na benki yako.

Keshi, ATM na hoteli

Utauliza: si bora nibebe keshi? Katika ukanda wetu, ambako dhahabu inauzwa kwa keshi na karasha linanunuliwa kwa keshi, swali hilo lina uzito, na hesabu inaliunga mkono kwa kiasi. Tuseme umenunua dola kwa 2,530 kwenye duka la kubadilishia fedha, na Dubai umebadilisha kwa 3.65 badala ya 3.6725. Ili upate dirhamu 7,345 utahitaji dola kama 2,012, na gharama yako ni karibu shilingi 5,091,000. Ni nafuu kuliko kadi kwa zaidi ya laki moja. Tena maduka mengi ya Deira yana bei ya keshi na bei ya kadi, na ya kadi hupandishwa asilimia 2 au 3 kufidia makato ya muuzaji mwenyewe.

Lakini keshi ina gharama zisizoonekana kwenye kikokotoo. Ukiibiwa Kariakoo njiani, hakuna namba ya kupiga kufunga noti. Ukibeba dola 10,000 au zaidi kutoka Tanzania unatakiwa kutoa tamko mpakani. Kuingia au kutoka Emirati kikomo ni dirhamu 60,000, na China ni dola 5,000. Kutotamka ni kosa, hata kama fedha ni halali na risiti za soko la dhahabu unazo begini. Zikague noti zenyewe pia: noti za zamani na zilizochakaa hukataliwa, na hapa nyumbani dola ndogondogo hununuliwa kwa kiwango cha chini kuliko za 50 na 100.

Nionavyo mimi, keshi iwe kwa ajili ya chakula, teksi na maduka ya sokoni. Kadi iwe kwa hoteli, tiketi na dharura. Mashine ya dola elfu kumi isilipwe kwa chochote kati ya hivyo viwili. Hiyo itumwe benki kwa benki, kwa ankara ya muuzaji. Ada ya kutuma ni kiasi kinachojulikana mapema, kiwango cha dola kwenye kiasi kikubwa unaweza kukijadili na meneja kabla hujasaini, na karatasi zake zitakusaidia mzigo ukifika bandarini. Ajabu ni kwamba watu wanaobishana na broka kwa pointi moja ya dhahabu hawajawahi kumwambia meneja wa benki, "Nipunguzie." Inajadilika. Jaribu.

Ukilazimika kutumia ATM, toa mara moja kiasi kikubwa, usitoe kidogokidogo. Benki yako hutoza kwa kila utoaji na mwenye mashine hutoza chake. Tuseme mwenye mashine anachukua dirhamu 25: ukitoa 500 umelipa asilimia 5, ukitoa 3,000 haifiki asilimia moja.

Hoteli na kampuni za kukodisha magari zina tabia ya kushikilia dhamana kwenye kadi. Kwa mwenye kadi ya mkopo si tatizo. Kwa kadi yako iliyofungwa kwenye akaunti, fedha iliyoshikiliwa ni ile uliyopanga kununulia mzigo, na baada ya kuondoka hotelini inaweza kukaa siku nyingi kabla ya kuachiwa. Uliza kama wanapokea dhamana ya keshi. Na kitu ukikirudisha dukani ukarejeshewa fedha, itageuzwa kwa kiwango cha siku ya kurejesha, na ada ya benki kwa kawaida hairudi.

China, Kampala, na dukani kwa simu

Guangzhou usitegemee kuchomeka kadi ya Visa kila duka. Watu hulipa kwa simu, na tangu mwaka 2023 mgeni anaweza kuunganisha Visa au Mastercard yake kwenye Alipay na WeChat Pay. Malipo ya hadi yuan 200 hayana ada ya ziada kwao. Yakizidi hapo wanaongeza asilimia 3, juu ya makato ya benki yako. Kwa chakula na treni za chini ya ardhi ni njia nzuri sana. Kwa mzigo wa duka zima ni ghali. Kadi ya UnionPay ina unafuu wake huko, kwa kuwa ndiyo mtandao wa wenyeji. Baadhi ya benki zetu huitoa, ulizia wiki kadhaa kabla, si siku mbili kabla ya maonyesho ya Canton ya Aprili au Oktoba.

Kampala ni karibu, na kadi inaizungusha safari bila sababu: shilingi yetu inapita kwenye dola ndipo iwe shilingi ya Uganda. Kwa mizigo ya soko la Kikuubo, pesa za simu za kuvuka mpaka au keshi iliyobadilishwa mpakani Mutukula mara nyingi hushinda kadi.

Anayelipia matangazo ya mtandaoni aangalie kama benki yake ina kiwango cha chini cha ada kwa kila muamala wa nje. Kama ipo, kukatwa dola 3 kila siku ni hasara zaidi kuliko kukatwa dola 40 mara moja. Kiasi kinachokatwa kila mara kinaweza kupandishwa kwenye mipangilio ya malipo ya matangazo. Asitulie pia kwa kuona bei imeandikwa kwa shilingi. Kampuni ikiwa imesajiliwa nje, ada ya muamala wa nje inaweza kumfuata.

Upande wa pili wa jambo hili uko hapa nyumbani. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajiwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Hoteli ya Mwanza au Dar es Salaam ikikuletea mashine yenye dola, una haki ya kudai shilingi.

Akaunti ya dola bado inaruhusiwa, na wengi huambiwa ndiyo dawa ya yote haya. Ni dawa kwa anayeingiza dola: mwenye kampuni inayolipwa kwa dola kutoka nje, au mwenye ndugu Muscat anayemtumia. Wewe unayelipwa shilingi sokoni utazinunua dola hizo benki, kwa kiwango kilekile cha kuuza. Unachopata ni uhuru wa kuchagua siku ya kununua, na kuepuka kugeuziwa mara mbili. Ni faida, ila ihesabu kwanza, pamoja na ada ya mwezi ya akaunti hiyo.

Kabla ya kupanda basi la Mwanza

Pita tawini, au ingia kwenye programu ya benki, uhakikishe kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje na kikomo cha siku kinatosha. Kadi nyingi hukataa Dubai si kwa kukosa salio, bali kwa sababu hakuna aliyezifungua. Laini yako ya simu nayo ifunguliwe kutumika nje, maana ukilipa mtandaoni namba ya uthibitisho inakuja kwa ujumbe kwenye laini ileile ya Tanzania. Laini ikiwa imezimwa kwenye droo Kahama, kadi ni plastiki tu. Beba kadi ya pili ya benki nyingine, iweke begi tofauti, na andika mahali pengine namba ya simu ya benki ya kufungia kadi, ile inayopigika ukiwa nje.

Ukirudi, toa taarifa ya akaunti ya siku zote za safari na uilinganishe na risiti moja baada ya nyingine. Ukikuta uligeuziwa fedha bila kuulizwa, au umekatwa mara mbili, andika malalamiko benki mapema, kwa sababu mitandao ya kadi ina muda maalumu wa kupokea mapingamizi na benki ikichelewa mlango unafungwa. Ambatanisha nakala za risiti, piga picha zile za karatasi ya joto kabla maandishi hayajafutika, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Benki isipokujibu au ikikujibu kwa maneno matupu, Benki Kuu hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na ina tawi Mwanza. Watataka kuona kwanza hiyo nakala yenye mhuri.